Siagi ya karanga: chapa zimejaa rafuni, nitoke vipi mbele bila kushusha bei?

Kinumtwange (mwenye swali)

Wakuu, habari za kazi. Naomba mchango wa wanaoijua siagi ya karanga kuanzia gunia hadi rafuni.

Nasindika Dodoma, kilo 50 za karanga zilizobanguliwa kwa wiki, mzigo nauchukua Kibaigwa. Vifaa: oveni ya gesi ya trei nne, mashine ya kusaga yenye meno ya chuma cha pua na gurudumu la kurekebisha nafasi, mizani ya kidijitali. Kopo ni la plastiki, gramu 400, bei ya rejareja 5,000. TIN na leseni vipo, barua ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ipo, nembo ya TBS (Shirika la Viwango) bado.

Shida ni tatu. Rafu moja inakuwa na chapa tano au sita na wenye maduka wanataka nishuke hadi 4,500. Mafuta yanapanda juu baada ya wiki mbili na kopo linarudishwa kwa madai kwamba limeharibika. Na rangi haitulii, bechi moja inatoka nyeupe, inayofuata kahawia.

Nishushe bei? Niongeze ladha ya asali na kakao? Nihamie kopo la kioo? Kuna laki nane tu ya kuboresha, kwa hiyo naomba mnipangie kipi kianze.

---

Punje Kwa Punje

Ndugu Kinumtwange, asali na kakao weka kando kwanza. Pesa yako ya mwanzo iende kwenye meza ya kuchambulia, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaojaza hiyo rafu wanapopita haraka.

Adui mkubwa wa karanga ni sumukuvu (aflatoksini). Inatengenezwa na kuvu wanaoota kwenye punje, ama shambani wakati wa ukame wa mwisho wa msimu, ama ghalani punje ikipata unyevu. Haina harufu, haina ladha, na kukaanga kunaipunguza tu, hakuimalizi. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1, iliyo kali zaidi, isizidi 5. Watu wa Dodoma hatuna haja ya kukumbushana sana: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Na Februari 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilizuia chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu hiyohiyo. Likitokea jambo kama hilo kwetu, mwenye majibu ya maabara ya bechi zake ndiye atakayekuwa na la kumwonyesha mwenye duka.

Ukifika sokoni usinunue kwa kutazama mdomo wa gunia. Chomeka bambo (kile chuma chenye mfereji cha kuchotea sampuli) katikati na chini, gunia kwa gunia. Pima unyevu kwa kipimo cha nafaka chenye mpangilio wa karanga, usipokee kinachozidi asilimia 7. Ile njia ya chupa ya kioo na chumvi tunayoitumia kwenye mahindi haikufai hapa, maana inaonyesha unyevu mkubwa tu, na karanga inaharibika ikiwa bado chini ya pale. Kama huna kipimo, vunja punje: iliyokauka inakatika kwa mlio na ngozi yake inapukutika ukiisugua kidoleni. Ikikunjika kama mpira, rudisha. Wapo pia wauzaji wanaonyunyizia maji ili ngozi iteleze wakati wa kubangua na mzigo uongezeke uzito. Karanga hizo zinang'aa vizuri siku ya soko na zinaota kuvu wiki inayofuata. Nunua zenye maganda ubangue mwenyewe zikiwa kavu kila unapoweza.

Uchambuzi uwe mara mbili. Wa kwanza kabla ya kukaanga: toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye matobo ya wadudu, zilizoanza kuchipua, na zenye weusi au ukijani. Wa pili baada ya kukaanga na kutoa ngozi, na huu ndio unaorukwa na wengi. Ngozi nyekundu inaficha. Ukiitoa, utaona punje zenye doa la kahawia kwenye mpasuko wa katikati, au upande mmoja umekuwa wa kijivu. Weka kitambaa cheupe mezani, taa nyeupe juu, tandaza safu moja tu. Mtu mmoja asikae zaidi ya dakika 40 bila kupumzisha macho, baada ya hapo anapitisha kila kitu.

Zilizotolewa usimuuzie mtu wa kashata wala mfugaji wa kuku. Sumu inamfuata. Fukia au choma.

Kuhusu kupeleka sampuli maabara: sumu haitawanyiki sawasawa, inaweza kukaa kwenye punje chache sana ndani ya gunia zima. Ukichota gramu 200 juu ya gunia, jibu safi halina maana. Chota kidogo kidogo kila gunia, juu, katikati na chini, hadi upate kilo 5, saga zote, changanya, kisha toa sehemu ya kupeleka. Ukiwa unapima siagi yenyewe mambo ni mepesi zaidi kwa kuwa imeshachanganyika.

---

Kinumtwange

Shukrani sana mkuu. Uchambuzi wa pili haufanyiki kabisa hapa, ngozi zinapepetwa na mzigo unaingia mashineni. Je, nikifanya hivyo nitapoteza kilo ngapi? Na hilo la rangi ya bechi linatokana na nini hasa?

---

Jiko la Trei

Rangi ni kosa la ukaangaji, na mara nyingi ni kina cha trei. Karanga zikizidi unene wa sentimita 3, za chini na za pembeni zinaungua wakati za katikati bado mbichi, halafu unazisaga pamoja na kupata ladha mbili kwenye kopo moja.

Weka oveni nyuzi 160 na uisubiri ifike kabla ya kuingiza trei. Pakia kilo zilezile kila mara, usiseme leo nne kesho sita. Koroga kila baada ya dakika 6 au 7, na kila unapokoroga badilisha trei ya juu ishuke chini. Hapo utahitaji dakika kati ya 25 na 35 kutegemea oveni yako na unyevu wa mzigo. Usiamini kitufe cha joto cha oveni, nunua kipimajoto cha kuweka ndani. Oveni ya gesi inaweza kusema 160 huku ndani ni 185 upande wa nyuma.

Kosa la pili ni kupoza. Karanga ikitoka ovenini inaendelea kujikaanga kwa joto lake. Ukiimwaga kwenye beseni refu ukaiacha, dakika kumi baadaye imeshapita rangi uliyoikusudia. Itoe ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyotaka, imwage kwenye meza ya wavu, washa feni.

Ili jicho lisikudanganye, nenda duka la rangi za nyumba uombe ile kadi yao ya vipande vya rangi. Pasua punje kumi kutoka kona tofauti za trei, linganisha upande wa ndani na kadi, chagua kipande kimoja kinachofanana na bechi iliyopendwa na wateja. Kibandike ukutani karibu na oveni. Kila bechi ilinganishwe na hicho kipande, mchana au chini ya taa ileile. Kadi inafifia kwa mvuke na mafuta, kwa hiyo weka nyingine ndani ya bahasha kama akiba.

---

Fundi Kisago

Mafuta kupanda: karibu nusu ya uzito wa punje ya karanga ni mafuta. Ukisaga, yanatoka kwenye vifuko vyake, chembe nzito zinashuka polepole, mafuta yanabaki juu. Siagi haijaharibika, lakini huwezi kumwendea kila mteja nyumbani kumweleza hivyo. Una njia mbili, chagua moja uitangaze wazi.

Njia ya kwanza ni kiimarishi, yaani mafuta ya mimea yaliyogandishwa kikamilifu kwa hidrojeni kiwandani, yale magumu ya vipande au unga unaouzwa na wauzaji wa malighafi za vyakula. Kiasi ni asilimia 1 hadi 2, basi kwenye kilo 20 anza na gramu 300. Samli ya kukaangia ya dukani haifai: inayeyuka kwenye joto la chini, na ikifika Dar es Salaam mchana wa Februari imerudi kuwa kimiminika. Hapo ndipo watu wanasema kiimarishi hakifanyi kazi. Zile zilizogandishwa nusu nazo ziepuke kabisa, zina mafuta mabaya kwa moyo.

Kiimarishi kiingie siagi ikiwa na joto la nyuzi 70 hivi, ama sivyo hakiyeyuki chote na unapata vichembe vyeupe kama nta. Saga mara mbili: mara ya kwanza nafasi ya meno iwe kubwa, weka chumvi asilimia 1 na kiimarishi, changanya, kisha pitisha mara ya pili ukiwa umebana. Msuguano peke yake unapandisha joto. Likizidi 75 simamisha, ladha inaanza kuharibika. Baada ya hapo poza huku unakoroga hadi ishuke chini ya 50, jaza makopo, gonga kila kopo mezani mara tatu ili hewa itoke, kisha yaache siku nzima bila kuyasogeza. Huu mwisho ndio unaoharibu kazi ya watu wengi. Makopo yanapakiwa kwenye boksi yakiwa ya vuguvugu, pikipiki inayatikisa, ule mgando uliokuwa unajengeka unavunjika na mafuta yanapanda palepale.

Njia ya pili ni kuacha bila kitu na kuandika mbele ya kopo, siyo nyuma, kwa herufi zinazoonekana: KARANGA NA CHUMVI TU. MAFUTA YAKIPANDA NI KAWAIDA, KOROGA. Wapo wateja wanaoitafuta hiyo na wanalipa zaidi. Acha sentimita moja na nusu juu ya kopo ili kijiko kipate nafasi ya kukoroga. Mkisahau hiyo nafasi, mafuta yanamwagika mezani kwa mteja.

Jambo moja zaidi, la usalama. Maji yasiguse chochote baada ya kukaanga. Mashine isioshwe kwa maji katikati ya kazi, ifute kwa kitambaa kikavu kisha pitisha kilo moja ya karanga za kusafishia. Kopo lililooshwa likakauka nusu linatosha kuotesha kuvu kwenye ukingo wa kifuniko. Na mashine hiyohiyo isisagiwe mahindi wala dagaa wa lishe.

---

Hesabu za Mangi

Nadhani swali la bei lijibiwe kwa karatasi. Chukua kilo 50 zako, tuseme umenunua 3,500 kwa kilo, ukiwa na bei nyingine weka yako.

Uchambuzi wa mara mbili utakula kama kilo 3, ndiyo jibu la swali lako hapo juu, na mzigo mbaya unaweza kula 5. Unyevu unaoondoka kwa kukaanga kilo 2. Ngozi na vumbi kilo moja na nusu. Inayobaki mashineni na kwenye ndoo kilo moja. Umebaki na kilo 42.5, sawa na makopo 106 ya gramu 400. Wengi wanagawa 50 kwa 0.4 wanapata makopo 125, wanasema karanga za kopo moja ni shilingi 1,400. Ukweli ni 175,000 ugawe kwa 106, yaani 1,650. Shilingi 250 zimepotea kila kopo na hawajui zilikoenda.

Ongeza kopo na kifuniko 700, lebo 150, gesi na umeme 200, kazi 300, boksi 80, pango na usafiri na uchakavu wa mashine 350. Jumla 3,430. Hizi nimekisia ili uone mwendo wa hesabu, weka risiti zako mwenyewe.

Sasa duka kubwa linalotaka asilimia 25 ya bei ya rafuni: kwa 5,000 utalipwa 3,750, unabaki na 320. Kwa 4,500 utalipwa 3,375. Umeuza kwa hasara ya 55 kila kopo, na kadiri unavyouza ndivyo unavyozidi kuzama. Kwa hiyo anayeuza 4,000 ama ananunua karanga chenga, ama hachambui, ama hajapiga hesabu na atafunga. Usimfuate.

Ukitaka bei ndogo rafuni, tengeneza kopo la gramu 200 la 2,800. Mteja anayelijaribu anatoa pesa kidogo, na kwa kila gramu wewe unalipwa zaidi.

Halafu mali kauli. Maduka kumi yakichukua makopo 24 kila moja ni 240, gharama yako karibu 823,000, hiyo laki nane yako yote imekaa rafuni kwa watu. Duka likilipa baada ya siku 45 na wewe unajaza kila wiki mbili, unahitaji zaidi ya mara tatu ya hiyo. Biashara nyingi za vyakula vya kusindika zinakufa hapo zikiwa na wateja wengi tu. Anza na maduka matatu yanayolipa papo hapo au ndani ya siku 7, kila kopo liandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo yenye sahihi na muhuri, na kabla ya kuacha mzigo mpya hesabu uliobaki. Usiache mpya juu ya ule ambao haujalipwa.

---

Rafu ya Tatu

Naongezea upande wa karatasi kwa kifupi. Tangu Julai 2019 usajili wa chakula na majengo ya kusindikia uko TBS, siyo tena kule TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa) ilikokuwa. Barua ya SIDO unayo, basi itumie: mjasiriamali mdogo aliyepitishwa na SIDO anahudumiwa na TBS bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Kosa la kawaida ni kuomba nembo kabla jengo halijawa tayari. Mkaguzi anatazama wavu kwenye madirisha, sakafu na kuta zinazosafishika, sehemu ya karanga mbichi iliyotengana na ya kujazia, mahali pa kunawa mikono, vyeti vya afya vya wafanyakazi, na daftari la bechi. Hilo daftari ndilo linalokosekana. Liwe na tarehe, muuzaji wa karanga, kilo zilizoingia, kilo zilizotupwa, joto na muda wa oveni, kilo zilizotoka, namba ya bechi. Mstari mmoja kwa bechi unatosha.

Lebo iwe na jina la bidhaa, viungo kwa mpangilio wa wingi, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi, na tahadhari kwa wenye mzio wa karanga. Tarehe na bechi zisiandikwe kwa kalamu ya wino, zinafutika kwa mafuta ya mkono na duka linarudisha. Mizani ipelekwe Wakala wa Vipimo ibandikwe stika, inahakikiwa kila mwaka. Barkodi omba GS1 Tanzania, namba zake zinaanza na 620. Ukinakili ya mtu mtandaoni, siku mashine ya duka ikisoma jina la sabuni utaondolewa. Jina la chapa lisajiliwe BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kama alama ya biashara, kwani kusajili jina la kampuni pekee hakuzuii mtu kubandika jina lako kwenye kopo lake.

Kioo sikushauri sasa. Ni kizito, kinavunjika safarini, na hakitatui tatizo lako lolote kati ya yale matatu. Plastiki safi ya daraja la chakula yenye karatasi ya kuziba mdomo chini ya kifuniko inakutosha.

---

Punje Kwa Punje

Nakubaliana na Rafu ya Tatu, ila kwa wateja wa karanga na chumvi tu, kioo kidogo kinaweza kulipa baadaye.

Laki nane ningeipanga hivi: kipimajoto cha oveni na cha kuchomeka kwenye siagi, kipimo cha unyevu, meza ya kuchambulia na taa, kiimarishi cha miezi miwili, na kipimo kimoja cha maabara kwa bechi ya kwanza utakayoitoa kwa utaratibu mpya. Inayobaki inunue karanga Juni hadi Agosti zikiwa mpya na bei iko chini, uzihifadhi na maganda yake kwenye magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Yenye maganda inakaa vizuri zaidi kuliko iliyobanguliwa. Na ukiweza, patana na kikundi cha wakulima wapande mbegu moja. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wametoa mbegu kadhaa, Pendo na Mnanje zikiwemo. Punje zikiwa za ukubwa mmoja zinaiva pamoja kwenye trei, na nusu ya ile shida yako ya rangi inaisha kabla hujawasha oveni.

---

Kinumtwange

Nimeandika yote. La mwisho: nikienda kwa mwenye duka anayetaka 4,500, nimwonyeshe nini?

---

Hesabu za Mangi

Peleka makopo mawili: moja la leo na moja la bechi ya wiki tatu nyuma. Yafungue mbele yake. Rangi iwe ileile, juu pasiwe na mafuta. Mpe nakala ya majibu ya maabara yenye namba ya bechi inayolingana na ya kwenye kopo. Mwambie yatakayorudishwa kwa kasoro ya kiwandani utayabadilisha ndani ya siku mbili, na umwandikie hivyo kwenye hati. Kisha taja 5,000 na unyamaze. Akikataa, ondoka na makopo yako uende duka linalofuata, na mwezi ujao urudi kwake na kopo la gramu 200.